Siku nne na risasi iliyonasa kwenye mbao

Jumatatu jioni, baada ya kufunga duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi Buguruni, niliketi juu ya ndoo ya rangi nyuma ya kaunta na kufungua daftari langu la fizikia. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea. Nina umri wa miaka 27, ninajiandaa kurudia mtihani wa kidato cha sita, na muda wangu wa kusoma ni ule unaobaki kati ya kufunga hesabu za siku na kupanda daladala ya kurudi nyumbani Tandika. Swali la siku hiyo lilikuwa fupi, na nililianza nikiamini kwamba lingenichukua dakika kumi.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Risasi ya gramu 10 inapigwa mlalo, inaingia kwenye kipande cha mbao cha kilo 1.99 kilichoning'inizwa kwa kamba, na inanasa humo ndani. Mbao na risasi vinabembea pamoja mpaka vinafikia kimo cha sentimita 20 juu ya pale mbao ilipokuwa imetulia. Ukichukulia kwamba mchapuko wa graviti ni mita 10 kwa sekunde mraba, tafuta kasi ya risasi kabla haijagonga mbao.

Niliona mara moja kwamba ni swali la uhifadhi wa nishati. Nishati mwendo ya risasi mwanzoni, nikajiambia, lazima ilingane na nishati tuli, ile inayotokana na kimo, ya mbao na risasi zinapofika juu. Kilo 2 mara 10 mara mita 0.2 ni juli 4. Nusu ya tungamo ya risasi mara mraba wa kasi yake ni juli hizo hizo 4, kwa hiyo mraba wa kasi ni 800, na kasi yenyewe ni mita 28 na kitu kwa sekunde. Nilipiga mstari chini ya jibu, nikafungua kurasa za nyuma za kitabu, nikakuta mita 400 kwa sekunde.

Nilirudia hesabu mara tatu. Nilibadilisha gramu kuwa kilo upya, nikahakiki sentimita, nikatafuta kipeuo cha pili kwa kalkuleta na kisha kwa mkono. Sikuona kosa la kuzidisha wala la kugawanya. Jibu langu lilikuwa dogo kuliko la kitabu kwa zaidi ya mara kumi na nne, na hakuna sifuri iliyosahaulika inayoweza kuleta tofauti ya namna hiyo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi: nilikuwa nimetumia kanuni ambayo tangu kidato cha kwanza nimefundishwa kwamba haijawahi kuvunjika, nikaitumia bila kukosea hesabu, na ikanipa jibu lisilo sahihi.

Jumanne nilimtumia swali rafiki yangu mmoja anayesoma uhandisi. Alinijibu baada ya robo saa kwa picha ya ukurasa ulioandikwa vizuri: mstari wa kwanza momenta, yaani tungamo mara kasi, mstari wa pili nishati, mstari wa tatu mita 400 kwa sekunde. Nilimshukuru na nikanakili. Jumatano nilikwenda kwenye tuisheni ninayohudhuria, ambako tunakaa zaidi ya watu mia moja katika ukumbi mmoja, na mwishoni nikamfuata mwalimu na daftari langu. Alitazama swali, akasema maswali ya risasi na mbao huanza na momenta halafu humalizia na nishati, akaondoka kuwahi kipindi kingine. Simlaumu, kwa sababu alisimama mbele yetu tangu asubuhi na hakuna mtu anayeweza kuwasikiliza watu mia moja mmoja mmoja. Lakini nilirudi nyumbani na kitu kile kile nilichokwenda nacho. Nilikuwa na njia mbili kwenye daftari, moja sahihi na moja isiyo sahihi, na sikuwa na sababu hata moja ya kuikataa ile yangu zaidi ya kwamba kitabu kimeikataa.

Alhamisi jioni nilipita kwa mzee jirani yetu, fundi mitambo mstaafu ambaye bado ana meza ya kazi barazani kwake, yenye jiliwa, misumeno na makopo ya vyuma vidogo vidogo alivyovikusanya kwa miaka mingi. Nilimsalimia, nikamweleza shida yangu.

"Lete daftari," alisema. Nilipomfungulia ukurasa wenye jibu la rafiki yangu, aliusukuma kando. "Huu si wako. Nataka ule ulioukosea."

Aliusoma ukurasa wangu taratibu, akifuata kila mstari kwa ncha ya kalamu ya seremala, na alipofika mwisho hakusema kama ni sahihi au si sahihi. Alisema, "Sasa funga daftari unisimulie kilichotokea. Usinitajie namba."

"Risasi inakuja, inagonga mbao, mbao inapanda juu."

"Inagonga, halafu?"

"Inanasa ndani."

"Inanasaje? Mbao ni ngumu. Ukitaka kupitisha msumari wa nchi nne unapiga nyundo mara ngapi?"

Hapo nilinyamaza. Kwa siku nne nilikuwa nimesoma neno hilo bila kulipa uzito wowote. Sisi husoma fizikia kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, na kitenzi kinachosema kwamba risasi ilinasa kilikuwa kimepita mbele ya macho yangu kama pambo la sentensi, kitu cha kuonyesha mahali risasi ilipo. Nilipolazimika kukisimulia kwa Kiswahili, kwa mtu anayejua mbao, neno kunasa lilibeba kazi yote iliyomo ndani yake: risasi inachana nyuzi za mti, inazikandamiza, inasuguana nazo, inapata moto, mpaka inaishiwa.

"Basi," akasema mzee, "kuchana, kusuguana na kupata moto, gharama yake umeiandika wapi?"

Mimi ni mtu wa duka, na swali lile lilinifikia upesi kwa sababu hiyo. Kama asubuhi droo ilikuwa na shilingi laki nane na jioni nikakuta elfu nne, siwezi kuandika kwamba asubuhi kulikuwa na elfu nne kwa kuwa ndizo ninazoziona. Fedha iliyotoka imekwenda mahali, kwenye nauli, kwenye mzigo, kwenye umeme, na kama sikuiandika basi daftari langu ndilo lenye kasoro. Nishati haikuwa imevunja kanuni yake. Mimi ndiye niliyehesabu juli 4 zilizobaki mwishoni na kudai kwamba ndizo zilizokuwapo mwanzoni.

Tukafungua daftari tena, na mzee akanitaka nigawe tukio lile katika vipande kabla ya kuandika mlinganyo wowote. Kipande cha kwanza kinaanza risasi inapogusa mbao na kinaishia risasi inapoacha kusogea ndani yake. Kipande cha pili kinaanza hapo na kinaishia mbao inapofika juu kabisa. Katika kipande cha pili hakuna kinachochanwa wala kukandamizwa, kwa hiyo nishati mwendo inageuka nishati tuli bila kupungua, ukiacha upinzani mdogo wa hewa: mbao na risasi zilianza kupanda zikiwa na kasi ya mita 2 kwa sekunde, kwa kuwa mraba wa kasi hiyo ni 2 mara 10 mara 0.2. Katika kipande cha kwanza nishati mwendo inapungua, na sijui kwa kiasi gani, kwa hiyo haiwezi kunisaidia. Kinachobaki ni momenta. Kilo 2 zikienda mita 2 kwa sekunde zina momenta ya 4, na momenta hiyo yote ililetwa na kilo 0.01. Kasi ya risasi ni 400.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilikuwa nimekwama siku nne, na bado nilikuwa na swali ambalo kwa maoni yangu ndilo moyo wa jambo hili: kwa nini kuchana mbao kunakula nishati na hakuli momenta? Kama risasi inapoteza nguvu ikichimba, kwa nini isipoteze vyote viwili? Nilimuuliza mzee hivyo hivyo, nikihofia kwamba ni swali la kitoto, naye akasogeza kiti.

Alichora mbao kwa chaki kwenye sakafu, akasema tuchukulie risasi imechimba sentimita 10 ndani yake na kwamba kani ya mbao dhidi ya risasi haikubadilika muda wote huo. Risasi ilianza na mita 400 kwa sekunde na ikamaliza na mita 2, mbao ilianza na sifuri ikamaliza na mita 2, kwa hiyo kwa wastani risasi ilikuwa inaizidi mbao kwa mita 200 kwa sekunde. Sentimita 10 kwa mwendo huo ni nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mbao inaisukuma risasi nyuma na risasi inaisukuma mbao mbele, kwa kani zilizo sawa, kama Newton alivyosema. Nilipiga hesabu nikapata nyutoni 7,960 kila upande. Momenta hubadilika kwa kani mara muda, na muda ni mmoja kwa wote wawili: hakuna namna ambayo risasi ingesukumwa kwa muda mrefu kuliko mbao, kwa kuwa kusukuma ni kwao wote pamoja. Kwa hiyo ilichopoteza risasi ndicho kile kile ilichopata mbao, bila senti kupotea.

"Sasa nishati," alisema. "Nishati inakwenda na kani mara nini?"

"Mara umbali."

"Umbali wa nani?"

Hapo ndipo nilipoona. Katika nusu ile ya elfu moja ya sekunde risasi ilisafiri milimita 100.5, lakini mbao, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kusogea, ilikwenda nusu milimita tu. Kani ile ile, muda ule ule, umbali tofauti. Nyutoni 7,960 mara mita 0.1005 ni juli 800, na hizo ndizo zilizotolewa na risasi. Nyutoni 7,960 mara mita 0.0005 ni juli 4, na hizo ndizo zilizoifikia mbao kama mwendo. Juli 796 zilizobaki zilitumika katika zile sentimita 10 za kuchimba. Sijawahi kuona hesabu ikijifunga namna ile. Nusu milimita hiyo ilinionyesha jambo jingine pia: risasi ilipomaliza kunasa, kamba zilikuwa bado zimesimama wima karibu kabisa, na ndiyo sababu tunaruhusiwa kugawa tukio katika vipande viwili kana kwamba kimoja kilikwisha kabla ya kingine kuanza.

Juli 796 si nyingi kama zinavyosikika. Zingepasha moto glasi moja ya maji, gramu 200 hivi, kwa karibu digrii moja tu.

Jumamosi mchana nilirudi kwa mzee kwa sababu alitaka kunionyesha kitu kwa macho. Kulikuwa na kopo pana la rangi lililojazwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa mpaka ukawa mgumu kiasi cha kutoshika kidole, na kando yake gololi ya chuma iliyotolewa kwenye beringi ya zamani, yenye upana wa kama sentimita mbili na nusu. Ukutani alikuwa amechora alama mbili za chaki, moja sentimita 20 juu ya udongo na nyingine sentimita 80. Kitu kinachoanguka kutoka sentimita 20 kinafika chini kwa mita 2 kwa sekunde, na kutoka sentimita 80 kinafika kwa mita 4. Kwa hiyo gololi ile ile ingeugonga udongo kwa momenta moja, kisha kwa momenta mara mbili yake. Aliniuliza shimo la pili litakuwa kubwa mara ngapi.

Tuliangusha mara ya kwanza, tukasogeza kopo, tukaangusha mara ya pili. Mashimo yalikuwa laini na ya mviringo, yameng'aa kama ndani ya kikombe. Mzee akanipa bomba la sindano lenye maji na kunitaka nijaze kila shimo tone baada ya tone mpaka maji yalingane na uso wa udongo. Niliinama na kuhesabu kwa sauti. Shimo la kwanza lilipokea matone 9. La pili lilipokea matone 34, na hapo nikasimama wima. Matone 36 yangekuwa mara nne kamili. Kasi iliongezeka mara mbili, na udongo uliochimbwa ukaongezeka karibu mara nne, kwa kuwa kinachochimba ni nishati, na nishati inafuata mraba wa kasi.

Baadaye nilisoma kwamba jaribio hilo lina historia ndefu. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes alikuwa amefundisha kwamba kipimo cha mwendo ni ukubwa wa kitu mara kasi yake, naye hakujali mwelekeo. Mwaka 1686 Mjerumani Leibniz alimpinga, akasema kipimo cha kweli kinafuata mraba wa kasi, na mabishano hayo yakagawa wanazuoni wa Ulaya kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha tufe za shaba kwenye udongo kutoka vimo mbalimbali na kupima mashimo. Émilie du Châtelet wa Ufaransa aliyatumia matokeo hayo katika kitabu alichotoa mwaka 1740 kuutetea upande wa mraba. Ile mbao ya kuning'iniza nayo haikubuniwa na watunga mitihani: mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza jinsi ya kupima kasi ya risasi kwa kuipiga kwenye ubao mzito unaobembea, wakati ambapo hapakuwa na saa ya kuweza kuifuata risasi ikiwa hewani. Kasi ambayo jicho haliwezi kuiona inageuzwa kuwa bembea ya polepole unayoweza kuipima kwa rula. Nilipojua hilo swali langu lilibadilika sura. Nilikuwa nimelichukulia kama mtego wa mtihani, kumbe ni chombo ambacho watu walikihitaji na wakakitumia.

Faraja kubwa zaidi kwangu ilikuwa kutambua kwamba watu hawa wenye vichwa vikubwa walibishana muda mrefu juu ya jambo lile lile lililonitatiza nyuma ya kaunta. Leo tunajua kwamba vipimo vyote viwili ni vya kweli na kila kimoja kina mahali pake, na makosa huja pale unapotumia kimoja mahali pa mwenzake.

Kuna mahali pengine ambapo vyote viwili vinahitajika kwa pamoja, na hapo mzee alinionyesha kwa gololi za watoto, zile za kioo wanazochezea uchochoroni. Alipanga moja kwenye kigae cha sebuleni na akanitaka niigonge katikati kwa nyingine. Iliyogongwa ikaondoka, na iliyogonga ikabaki karibu pale pale. Nimecheza gololi utoto wangu wote na sijawahi kuuliza kwa nini. Momenta peke yake ingeruhusu mambo mengi: ikiwa ya kwanza ilikuja na mita 2 kwa sekunde, zote mbili zingeweza kuondoka pamoja kwa mita 1 kila moja na hesabu ya momenta ingekaa sawa. Lakini nishati mwendo ingebaki nusu, na kioo kigumu hakina mahali pa kuila nusu hiyo, hakichaniki wala hakibonyei kama udongo. Kati ya njia zote ambazo momenta inaziruhusu, ni moja tu inayohifadhi na nishati: ya kwanza isimame na ya pili iondoke na mita 2. Nilipotazama kwa makini niliona iliyogonga haikusimama kabisa bali ilisogea mbele kidogo. Mzee alisema ni kwa sababu ilikuja ikiwa inabingirika, na mgongano uliondoa mwendo wake wa mbele lakini haukuondoa mzunguko wake.

Nimewaza sana juma hili kuhusu tofauti kati ya msaada wa Jumanne na ule wa Alhamisi. Rafiki yangu alinipa jibu sahihi kwa moyo mwema na kwa haraka, na kama ningekuwa naingia kwenye chumba cha mtihani siku ya pili ningemshukuru. Ila picha ile ilinieleza anachojua yeye, wakati mimi nilihitaji mtu wa kutazama ninachofikiri mimi. Naamini kwa dhati kwamba anayeomba msaada wa hesabu anapaswa kupeleka kazi yake aliyoikosea, yote, na kusema ni mstari gani unaomshinda, na anayesaidia anapaswa kuisoma kazi hiyo kabla hajashika kalamu yake mwenyewe. Hata mimi nina sehemu yangu ya lawama: ujumbe wangu wa Jumanne ulikuwa na picha ya swali tu, bila hesabu yangu, na mtu aliyeombwa jibu alitoa jibu.

Na tusiwacheke wanaouliza. Katika nchi hii tuna mfano wa Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuwa ametoka Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam kwenda kuzungumza na wanafunzi wa shule yao, na Osborne, badala ya kumpuuza, alirudi akalifanyia majaribio jambo hilo. Mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya jambo lile lenyewe, lakini swali la kijana yule limebaki na jina lake duniani kote.

Tangu wiki hiyo nimekuwa nikiona momenta na nishati kila ninapopita. Bodaboda inayokwenda kilomita 72 kwa saa ina momenta mara mbili ya ile inayokwenda 36, lakini nishati yake ni mara nne, kwa hiyo kwa breki zile zile itahitaji umbali mara nne ili isimame. Juzi nikiwa kituoni Buguruni niliwatazama vijana waliotundika kofia ngumu kwenye usukani. Ile sponji ngumu iliyomo ndani ya kofia inafanya kazi ya udongo wa mzee: inabonyea, inaila nishati, na inarefusha muda wa kichwa kusimama ili kani ipungue. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haifanyi lolote kati ya hayo, na ninatamani kila dereva angeangusha gololi ile mara mbili na kuhesabu matone.

Siku ile ya Jumamosi, nilipokuwa naaga, mzee aliniuliza swali la mwisho, akanikataza kulijibu papo hapo. Risasi ile ile, kasi ile ile ya mita 400 kwa sekunde. Ikiwa itatoboa mbao na kutokea upande wa pili, mbao itapanda juu zaidi ya sentimita 20 au chini zaidi? Na ikiwa mbao ingekuwa kitu kigumu kabisa, risasi ikadunda na kurudi ilikotoka bila nishati yoyote kupotea, je?

Kwa mawazo yangu ya zamani ningesema risasi inayotoboa ndiyo yenye ukali zaidi, kwa hiyo mbao ingerushwa juu zaidi. Nilifanya hesabu usiku huo chini ya taa ya ukutani. Ikitokea upande wa pili na mita 100 kwa sekunde, risasi imeondoka na momenta ya 1 kati ya zile 4, mbao imebaki na 3, kasi yake ni mita 1.5 kwa sekunde na inapanda sentimita 11 tu. Ikidunda, risasi inarudi na mita 396 kwa sekunde na mbao inaondoka na mita 4 kwa sekunde. Nilihakiki nishati: juli 784.08 za risasi na juli 15.92 za mbao, jumla 800 kamili.

Kimo cha mbao kwa kasi hiyo ni sentimita 80. Jumapili asubuhi nilimpelekea mzee ukurasa huo. Aliusoma kwa ncha ya kalamu kama alivyousoma wa kwanza, na alipofika kwenye kimo, alinyosha mkono bila kusema neno akaonyesha ile alama ya juu ya chaki, ambayo ilikuwa bado haijafutwa ukutani.